Niko natembea tu

Barabara ya kutoka Likasi kwenda Kambove, huku Katanga nchini Kongo, ni ya kilomita zipatazo 25, na alfajiri huwa mali ya wenye miguu kabla haijawa mali ya malori ya madini. Wapo wanaosukuma baiskeli, ambazo hapa huitwa kinga, zikiwa zimelemewa na magunia ya makala. (Katanga makala ni mkaa wa kupikia. Neno lile lile ambalo Dar es Salaam ni jina la andiko kama hili, huku huchemsha maji ya bugali.) Wapo akina mama wenye beseni kichwani, na vijana wenye sururu na kiroba kitupu begani wanaokwenda kutafuta shimo la kuchimba. Ukimwamkia mmojawapo na kumwuliza anaelekea wapi, Kiswahili cha huku kina jibu lililokwisha kuandaliwa: "Niko natembea tu."

Mtu wa pwani akilisikia jibu hilo atadhani ameambiwa kwamba mwenzake hana shughuli. Sivyo. Katanga, kutembea ni kwenda kumwona shangazi, ni kufuata bei nzuri ya mihogo, ni kusafiri siku tatu kwa treni, na pia ni kunyoosha miguu hadi kona na kurudi. Ile "tu" ya mwishoni ni adabu. Humtuliza muulizaji asije akahofia kwamba kuna msiba au ugomvi. Nalipenda jibu hili kwa sababu linaeleza mwendo bila kuutetea, kana kwamba kutembea hakuhitaji hati.

Lakini kilikuwapo kipindi kirefu ambapo jibu hilo, likitolewa mbele ya askari, lilitosha kumwingiza mtu matatani. Tarehe 23 Mei 1896 serikali ya Mfalme Leopold wa Pili, aliyeifanya Kongo kuwa shamba lake, ilitoa amri dhidi ya wazururaji na ombaomba. Neno la Kifaransa lililotumika lilikuwa vagabondage. Mfumo wa sheria ambao Wabelgiji waliurithi kutoka kwa Wafaransa, tangu kanuni ya adhabu ya mwaka 1810, ulikuwa na maelezo mafupi ya vagabond: mtu asiye na makao ya kudumu, asiye na njia ya kujikimu, na ambaye kwa kawaida hafanyi kazi wala hana ufundi. Hebu weka maelezo hayo juu ya nchi ya wawindaji, wahunzi, wachuuzi wa chumvi na wapagazi, watu ambao kazi yao ilikuwa ni huko kwenda kwenyewe. Nusu ya nchi inakuwa na kosa la kujibu.

Neno hilo lilikuwa limetembea sana kabla ya kufika Katanga kukataza watu wasitembee. Chimbuko lake ni Kilatini: vagus, yaani anayekwenda popote pasipo kufungwa na njia, na kitenzi chake vagari. Mwanzoni halikuwa na lawama ya lazima. Washairi na wasemaji wa Roma walilichukua wakaliunganisha na jina la mahali au la wakati, likawa picha. Lucretius aliwaita wanyama wa porini montivagus, wazungukao milimani, na mienge ya moto inayokatiza mbinguni gizani akaiita noctivagus, yenye kutembea usiku. Catullus alikuwa na nguruwe mwitu aliye nemorivagus, mrandaji wa misituni. Cicero, mwanasheria na mwanasiasa, alitumia solivagus, atembeaye peke yake, na alilitumia kwa kukanusha: katika kitabu chake juu ya dola alisema kwamba jinsi ya binadamu si viumbe wa kutangatanga kila mmoja kivyake, ndiyo maana hukusanyika na kuwa jamii.

Karne kumi na saba baadaye wasomi wa Uingereza, waliokuwa na njaa ya Kilatini, waliyaingiza maneno hayo katika lugha yao karibu yalivyo. Wakawa na solivagant, noctivagant, montivagant, nemorivagant, hata mundivagant kwa yule azungukaye ulimwengu. Ndiyo zama za kamusi za maneno magumu, kama ile ya Thomas Blount iliyotoka mwaka 1656, zilizoandikwa ili kumsaidia msomaji wa kawaida aliyekwama katikati ya vitabu vilivyojaa Kilatini kilichovalishwa joho la Kiingereza. Lipo jingine ambalo mimi naliona bora kuliko yote: circumforaneous. Circum ni kuzunguka, forum ni uwanja wa soko. Ni mtu anayetoka soko hili kwenda soko lile. Cicero alikwisha kuwa na muuza dawa wa namna hiyo katika hotuba yake moja ya mahakamani. Kila mwenye kupanga mitumba Likasi siku moja na Kambove siku inayofuata angelikuwa na jina lake la heshima humo.

Maneno hayo yote yamekufa. Mwingereza wa leo hayajui, na ukimwandikia moja atafungua kamusi. Lililobaki hai, lenye nguvu, linalojulikana na kila askari na kila hakimu, ni vagabond. Hapo ndipo ninapotaka tusimame. Katika familia nzima ya maneno, yale yaliyoeleza ni wapi mtu anatembea, ni lini, na akiwa na nani, yalizikwa bila matanga. Lililomhukumu mtu kwa sababu tu anatembea, sheria ililitunza. Uingereza ililiandika upya katika sheria yake ya mwaka 1824, wakati barabara zilipojaa maskini na askari waliorejea kutoka vita vya Napoleon bila kazi, kisha ikalisafirisha hadi makoloni yake. Wafaransa na Wabelgiji wakalisafirisha hadi ya kwao.

Ndugu na majirani wengine wa neno hilo waliponea chupuchupu, lakini kwa kubadilishwa tabia. Extravagant, aliyekuwa mtu anayevuka mpaka wa njia yake, leo ni mfujaji wa fedha. Expatiate, aliyekuwa mtu anayetembea kwa nafasi mahali palipo wazi, leo ni msemaji asiyemaliza. Errare, kutangatanga, ndiyo iliyozaa neno la kosa katika Kifaransa na Kiingereza. Kukosea, kwa Mrumi, kulianza kuwa ni kuiacha njia. Na delirium, kuweweseka kwa mgonjwa wa homa kali, ni neno la mkulima: lira ni mfuo wa jembe la kukokotwa na ng'ombe, na anayetoka nje ya mfuo amepotewa na akili. Mtu akiyapanga maneno haya pamoja ataona jamii iliyozidi kuogopa mwendo kadiri ilivyozidi kupima mashamba.

Sisi wa Kiswahili je? Tuna utajiri, na utajiri wetu nao haukuepuka hofu hiyo. Kutanga na kutangatanga kwanza ni kwenda huku na huku, na tanga la jahazi liko jirani yake katika kamusi, jambo linalomfurahisha mtu wa pwani hata kama hakuna aliyemthibitishia undugu wao. Kuranda kuna madaha ndani yake, mtu hurandaranda akiwa na furaha au akitaka kuonwa. Kuhamahama ni kwa wafugaji. Kuzunguka hapa Kongo husikika pia kama kuzunguluka, na neno hilo huwa na duara ndani yake, mtu huondoka akarejea. Kutalii kulikuwa ni kuchunguza na kusoma kabla hakujawa kupanda gari la kutazama simba. Kuvinjari lilikuwa neno la mabaharia, chombo kinachopitapita baharini kikichunga na kupeleleza. Lilikuwa karibu kusahaulika, hadi intaneti ilipokuja na wataalamu wakalihitaji. Sasa mtoto wa shule ana kivinjari katika simu yake na hajui kwamba ameshika neno la nahodha. Kwa nini solivagant halikupata bahati ya vinjari? Nadhani ni kwa sababu neno la vinjari lilikuwa limewahi kukaa midomoni mwa watu wenye kazi, nalo solivagant halikutoka maktabani hata siku moja.

Kisha tuna kuzurura. Hili ndilo vagabond wetu. Mama yangu alikuwa nalo tayari kila nilipochelewa kurudi nyumbani, pamoja na kiguu na njia, ambalo angalau lilikuwa na mzaha. Methali zetu zenyewe hazijaamua. Moja husema mtembezi hula miguu yake. Nyingine hujibu kwamba mtembea bure si sawa na mkaa bure. Nimezisikia zote mbili kwa mzee mmoja, siku moja, kwa mtoto yule yule, na zote zilikuwa kweli. Mbinguni tuliamua vizuri zaidi: Wagiriki waliziita zile nyota zisizotulia kwa jina la watangatangaji, nasi tukachukua kwa Waarabu neno sayari, lenye maana ya chenye kwenda, bila kuzitilia shaka.

Kambove ni mahali pazuri pa kuyafikiria haya, kwa kuwa hakuna kitu hapa ambacho hakikuletwa na mtembezi, isipokuwa shaba yenyewe. Wenyeji walichimba mawe ya kijani na kuyayeyusha kwa makaa ya miti, wakatengeneza vile vipande vya umbo la msalaba vilivyotumika kama fedha kutoka bonde hadi bonde. Askofu de Hemptinne, aliyeandika juu ya mafundi hao katika miaka ya 1920, aliwaita walaji wa shaba. Misalaba ile ilitembea mbali kuliko walioifua. Kati ya mwaka 1802 na 1811 Pedro João Baptista na Amaro José, watu weusi waliotumwa na mfanyabiashara Mreno wa Angola, walivuka bara kwa miguu kutoka Kasanje hadi Tete kwenye mto Zambezi, na katika shajara yao Baptista aliyataja mawe ya kijani ya nchi hii na shaba iliyotoka humo. Walikuwa watumwa. Walivuka Afrika miongo mingi kabla ya wapelelezi waliopewa nishani kwa kufanya hivyo, na barabara hazina majina yao.

Upande wa mashariki nako watu walikuwa njiani. Kalasa, Msumbwa kutoka magharibi ya Tanzania ya leo, alikuja kununua shaba. Mwanawe Msiri alikuja akakaa, na katikati ya karne ya 19 akajenga dola ya Garenganze yenye makao Bunkeya. Watu wake waliitwa Bayeke. Misafara ya kwenda na kutoka pwani ilipita kwake, na pamoja na baruti na nguo ilileta Kiswahili. Said bin Habib wa Unguja alipita nchi hizi akaendelea hadi pwani ya Atlantiki. Tarehe 20 Desemba 1891 Msiri alipigwa risasi na ofisa wa msafara wa Kapteni Stairs, uliotumwa kwa ajili ya Leopold. Mwaka uliofuata mwanajiolojia Jules Cornet alikuwa akipita Katanga, nyundo mkononi, akiandika kilichomo ardhini. Nani alikuwa mzururaji kati ya watu hawa? Ukimwacha Msiri, hakuna aliyekuwa na makao ya kudumu hapa. Amri ya mwaka 1896, hata hivyo, haikuwa na kina Cornet akilini.

Neno mzungu linaingia hapa, maana wengi huamini limetoka katika kuzunguka, mtu asiyetulia. Wapo wanaolihusisha zaidi na mizungu, yale mambo ya ajabu na ya maarifa yanayofundishwa unyagoni. Maelezo yote mawili yana watetezi, nami sitaki kuwaamua. Yanatosha kunikumbusha kwamba machoni pa wenyeji aliyekuwa akitangatanga bila sababu ya kueleweka alikuwa mgeni mwenye hema na daftari, na kwamba hakuna aliyemfunga kwa hilo.

Kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga iliundwa mwaka 1906. Reli kutoka kusini ilifika Elisabethville, Lubumbashi ya leo, mwaka 1910, ikafika Kambove mwaka 1913, na kwa muda Kambove ilikuwa ndipo reli inapoishia, kabla ya kuendelezwa hadi Bukama, ilikofika mwaka 1918. Mji wa mwisho wa reli ni mji wa pekee: kila anayeshuka ama amefika, ama anaanza kutembea. Wafanyakazi walitoka Luapula, Rhodesia ya Kaskazini, Lomami, Kasai, baadaye hata Rwanda na Burundi. Kuanzia mwaka 1910 ilikuwapo ofisi maalumu ya kuwatafuta na kuwaleta, Bourse du Travail du Katanga. Wakuu wa kambi za wafanyakazi waliitwa Changachanga, jina ambalo mwenye sikio la Kiswahili atasikia ndani yake kuchanga na kuchanganya. Sijui jina jingine la mwajiri lililo wazi kiasi hicho.

Katika miaka ile ya mwanzo kampuni ilitaka watu wanaotembea, kwa maana hakukuwa na njia nyingine ya kuwapata. Mtu alikuja kwa miezi michache, akachimba, akaenda zake. Wengi walikufa kwa magonjwa, wengine walitoroka usiku. Noctivagus kweli kweli, lakini daftari la kampuni liliandika mtoro. Kisha mwishoni mwa miaka ya 1920 hesabu zikageuka. Kuleta watu wapya kila mara kuligharimu, na kampuni ikaanza kutoa mikataba ya miaka mitatu, kuruhusu na kuhimiza wake waje, kujenga nyumba, zahanati, shule. Walioipanga sera hiyo waliiita utulivu wa nguvu kazi. Kulikuwa na mema ndani yake, watoto wengi waliokoka na wakasoma. Ila anayetulizwa ni yule ambaye mwendo wake umekuwa wa mtu mwingine. Mkongo aliyetaka kutoka katika eneo la chifu wake kwa muda mrefu alihitaji pasipoti ya kuhama. Katika mji alihitaji kitabu cha kazi kinachoonyesha ni nani bwana wake. Kenya walikuwa na kipande shingoni. Huku karatasi zilikaa mfukoni, lakini swali la askari lilikuwa moja, na "niko natembea tu" halikuwa jibu.

Kiswahili cha Katanga kilizaliwa katika mchanganyiko huo, na chenyewe ni lugha iliyotembea. Wabelgiji walikiita Kingwana, kutokana na waungwana wa misafara. Johannes Fabian, mwanaanthropolojia aliyekitafiti kwa miaka mingi, ameonyesha kwamba kampuni na serikali zilikipendelea kama lugha ya kazi kwa sababu zao, mojawapo ikiwa kuepuka kuvutwa kusini na Waingereza wa Rhodesia na lugha yao ya migodini. Watu, kwa upande wao, walikipokea na kukifanya chao. Husema batu, husema ku Kambove na mu mugini, huongeza ka mwishoni mwa kitenzi kuonyesha mazoea, hukibandika kitenzi cha Kifaransa ku- mbele na kazi ikaendelea. Mtu anavoyage kama anavyotembea. Hivyo Kilatini kimeingia Kambove kwa mlango wa Kifaransa bila kupiga hodi, wakati neno letu safari, tulilolichukua kwa Waarabu, lilikwisha kuondoka na misafara ya karne ya 19 kwenda kukaa katika Kiingereza.

Wenzangu wa pwani na bara la Tanzania wana tabia ya kukisikiliza Kiswahili hiki na kutabasamu. Wanasema kimepotoka. Nimesema hivyo mwenyewe zamani, nikiwa nimetoka shuleni na sarufi mpya kichwani. Sasa neno hilo hunisumbua, kwa kuwa kupotoka ni kuacha njia, ni ile ile errare ya Warumi. Ni nani aliyepiga mstari wa mfuo? Kiswahili sanifu kilijengwa juu ya Kiunguja na kamati iliyokaa miaka ya 1930, kwa manufaa makubwa ambayo mimi mwandishi naishi kwayo. Kiswahili cha Katanga hakikutoka nje ya mfuo huo. Kilikuwa barabarani kabla mfuo haujachimbwa.

Na kina maandiko yake. Mwaka 1965 André Yav aliandika, kwa niaba ya chama cha waliokuwa watumishi wa nyumbani wa Wazungu, kitabu kidogo kilichopigwa chapa kwa mashine ya kunakili, kikiwa na jina la Kifaransa, Vocabulaire de ville de Elisabethville. Jina linasema msamiati. Ndani yake ni historia, tangu enzi za Leopold hadi uhuru, ikisimuliwa na watu waliopika, waliofua, waliobeba machela na kutembea nyuma ya mabwana zao. Imeandikwa kwa Kiswahili cha huku huku, bila kuomba radhi. Fabian aliichapisha tena mwaka 1990 pamoja na tafsiri na maelezo, ndiyo maana leo inajulikana vyuoni. Kwangu mimi, wazee wale kuiita historia yao msamiati lilikuwa tendo la akili kubwa. Walijua kwamba aliyepoteza majina ya mambo yaliyompata atasimuliwa na mwingine.

Sheria nazo zimeanza kuangaliwa upya. Kenya ilifuta sheria yake ya uzururaji mwaka 1997. Tanzania, Kanuni ya Adhabu imebaki kwa miaka mingi na vifungu vya 176 na 177 vyenye watu wavivu na wenye fujo, wahuni na wazururaji, tafsiri ya moja kwa moja ya hofu za Uingereza ya 1824. Malawi, mwaka 2017, Mahakama Kuu ilibatilisha sehemu ya kifungu cha namna hiyo baada ya kukamatwa kwa mchuuzi wa mifuko ya plastiki aliyekuwa akienda kazini saa kumi alfajiri. Mchuuzi wa soko aliyetembea usiku, peke yake. Maneno matatu ya Kilatini kwa mtu mmoja, na polisi walikuwa na la nne tu. Kisha tarehe 4 Desemba 2020 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyoko Arusha, ilitoa maoni yake ya ushauri kwa ombi la Umoja wa Wanasheria wa Afrika: sheria za uzururaji zinapingana na Mkataba wa Afrika, kwa kuwa humwadhibu mtu kwa hali yake na si kwa alilotenda. Nchi zilitakiwa kuzirekebisha au kuzifuta. Nililisoma jambo hilo kwa furaha, na bado nangoja kuliona barabarani.

Kambove, wakati huo, ilikuwa imepata somo jingine. Kwa miaka 75 wafanyakazi waliambiwa watulie, wakatulia, wakazaa watoto waliojiita Bana Shaba, wana wa shaba. Mwaka 2003 Gécamines, iliyorithi migodi ya Union Minière, iliwaondoa wafanyakazi zaidi ya 10,000 kwa mpango ulioitwa wa kuondoka kwa hiari. Vijana wanaopita leo barabarani na viroba wengi wao ni watoto wa watu hao. Wanakwenda panaposemekana pametoka madini, wanakaa wiki au mwaka, wanahama. Shinkolobwe, mgodi wa urani ulio kusini kidogo ya hapa, ulifungwa mwaka 2004, mwaka ule ule ulipoporomoka na kuua wachimbaji. Waliobaki walitafuta shimo jingine. Babu aliletwa, baba akatulizwa, mjukuu anatembea.

Lakini somo gumu zaidi lilikuja miaka kumi kabla ya hapo. Mwaka 1992 na 1993, siasa za mkoa, ulioitwa Shaba wakati huo, ziliwageukia watu wenye asili ya Kasai. Waliitwa bilulu, wadudu. Walifukuzwa majumbani na makazini, mamia ya maelfu yao, wakarundikana kwenye stesheni za Likasi na Kolwezi kungoja treni, wiki hata miezi, kwenye mvua, na wengi walifia pale, watoto wakiwa wa kwanza. Waliambiwa warudi kwao. Roma ilikuwa na neno kwa mtu huru anayeishi ndani ya dola bila kuwa raia: peregrinus, neno lililojengwa na per na ager, atokaye ng'ambo ya mashamba. Humo ndimo Kifaransa na Kiingereza vilimotoa jina la hujaji. Mwaka 212 Mfalme Caracalla aliwafanya karibu wote hao kuwa raia kwa amri moja. Shaba ya 1992 ilikwenda upande wa pili, ikamfanya mtu aliyezaliwa Kambove, wa baba aliyezaliwa Kambove, kuwa mpita njia.

Treni kutoka Likasi kwenda Kasai hupita hapa Kambove, kisha Tenke, kisha Kamina, ndipo ifike Mwene-Ditu. Waliookoka safari hiyo walishuka katika nchi ya Tshiluba wakiwa na wazazi walioikumbuka kidogo na watoto ambao hawakuwa wameiona hata siku moja. Walishuka na masufuria, na magodoro yaliyolowa, na Kiswahili cha Kambove.